Wimbo wa Mtoto Hauna Siri, Una Kazi



Ndugu msomaji, kama umo katika kundi la WhatsApp la jumuiya yako, au la wazazi wa watoto wa Komunyo ya Kwanza, huenda umeshapokea mojawapo ya jumbe mbili kuhusu nyimbo za watoto. Ujumbe wa kwanza unatisha: wimbo fulani unaoimbwa chekechea, mara nyingi wa Kiingereza, una maana iliyofichwa ya kifo au ya shetani, na mzazi Mkristo aukataze nyumbani kwake leo hii. Ujumbe wa pili unapendeza: wimbo fulani wa zamani ulikuwa katekisimu ya siri ya Wakatoliki waliokuwa wakiteswa. Wa kwanza tunausambaza kwa hofu, wa pili kwa fahari, na mara nyingi bila kuuliza nani kaandika.

Kwa maoni yangu jumbe zote mbili zina kosa lilelile. Zinamfanya mtu mzima aamini kwamba wimbo wa mtoto ni kufuli, na kwamba mwenye akili ni yule aliyepata ufunguo. Kosa hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama lingebaki kwenye simu. Halibaki. Nikiwa katika mwaka wa uchungaji, katika parokia ambayo sitaitaja, mlezi mmoja wa watoto aliwazuia wasichana kucheza mchezo wa duara nje ya kanisa baada ya Misa ya watoto. Alikuwa ameona video. Hakuwa mtu mkorofi hata kidogo. Ni mama aliyekuwa akiwanunulia watoto maji ya kunywa kwa fedha yake mwenyewe. Lakini tangu Jumapili ile, nusu saa ya kucheza ikageuka nusu saa ya kukaa kwenye mabenchi na kukariri Amri za Mungu hadi wazazi watoke Misa ya pili. Baada ya wiki chache mabenchi yalianza kuwa na nafasi. Sisemi sababu ilikuwa hiyo peke yake, maana ulikuwa pia msimu wa kupalilia. Ila wale wasichana niliwaona njiani wakiimba wimbo uleule, mbali na kanisa, na mmoja aliponiona akanyamaza na kuwaashiria wenzake wanyamaze. Mtoto amejifunza kwamba Kanisa likipita, mchezo unasimama. Jambo hilo si dogo.

Tuanze na ujumbe wa kutisha. Wimbo unaotajwa zaidi ni ule wa Kiingereza uitwao Ring a Ring o' Roses, ambao watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza wanaufahamu. Watoto wanashikana mikono, wanazunguka, na mwishoni wote wanajiangusha chini wakicheka. Maelezo yanayozunguka ni kwamba huu ni wimbo wa tauni iliyoipiga London mwaka 1665: maua ni vipele, chafya ni dalili, kuanguka ni kufa. Yanasikika vizuri sana, na ndiyo maana yanasambaa. Lakini hakuna maandishi ya karne ya 17 wala ya 18 yenye wimbo huo. Samuel Pepys, aliyekuwa akiandika shajara yake London mwaka uleule wa tauni, na aliyeandika mpaka habari za wigi lake, hautaji popote. Kule Uingereza ulichapishwa mwaka 1881 katika kitabu cha Kate Greenaway, yaani miaka 216 baada ya tauni yenyewe. Katika matoleo mengine ya zamani hakuna chafya kabisa, na watoto wanainama au kuchuchumaa badala ya kuanguka. Tena mgonjwa wa tauni hutambulika kwa mitoki, si kwa chafya. Iona na Peter Opie, mume na mke waliotumia maisha yao kukusanya nyimbo za watoto wa Uingereza na kuchapisha kamusi yake Oxford mwaka 1951, hawakuyakubali maelezo hayo ya tauni. Yameenea katika karne ya 20, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati watu wazima walipokuwa na vifo vingi vichwani mwao. Watoto walikuwa wanacheza tu.

Ujumbe wa pili unatuhusu sisi Wakatoliki moja kwa moja, na nitauzungumzia kwa urefu zaidi kwa sababu nimeusikia mpaka kwenye homilia. Ni ule wa The Twelve Days of Christmas, wimbo wa Kiingereza wa kuhesabu zawadi za siku kumi na mbili za Noeli. Inasemwa kwamba kati ya mwaka 1558 na 1829, Wakatoliki wa Uingereza walipokuwa wamekatazwa dini yao, walitunga wimbo huu ili kuwafundisha watoto kwa siri: ndege wa kwanza ni Kristo, wawili ni Agano la Kale na Jipya, wanne ni Injili, kumi ni Amri za Mungu, na kadhalika mpaka kumi na mbili.

Wimbo huo ulichapishwa London karibu mwaka 1780, katika kijitabu cha watoto kiitwacho Mirth without Mischief. Ulichezwa kama mchezo wa kumbukumbu: kila mtu anarudia yote yaliyotangulia na kuongeza moja, na anayesahau anatozwa faini ndogo. Maelezo ya katekisimu ya siri hayaonekani mahali popote mpaka Mkanada Hugh McKellar alipoyaandika mwaka 1979, kisha intaneti ikayabeba. Hata bila kutazama tarehe, mseminari wa mwaka wa kwanza wa falsafa anapaswa kuona tatizo. Maagano mawili, Injili nne, Amri kumi, Mitume: hayo yote Waanglikana walikuwa nayo na walikuwa wakiyafundisha watoto wao waziwazi. Hakuna aliyefungwa Uingereza kwa kusema kuna Injili nne. Mambo yaliyokuwa ya hatari yalikuwa Misa, mamlaka ya Papa, kumficha padre ndani ya nyumba. Na hayo hayamo kwenye wimbo, hata ukizigeuza zile zawadi kichwa chini miguu juu.

Kinachonisikitisha ni kwamba kwa kushika hadithi hii tunawapita watu halisi. Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama wa mji wa York, alishtakiwa kwa kuwaficha mapadre, akauawa Machi 25, 1586 kwa kulazwa chini ya mlango na kurundikiwa mawe mazito. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1970. Laurence Vaux aliandika katekisimu kwa Kiingereza, ikachapishwa Louvain ng'ambo ya bahari miaka ya 1560, ikaingizwa nchini kwa siri, na mwenyewe akafia kifungoni. Hivyo ndivyo Wakatoliki wale walivyowafundisha watoto wao, kwa kitabu kilichofichwa na kwa mama aliyejua anachokihatarisha. Mkristo mwenye shahidi kama Margaret hana haja ya ndege wa kwenye mti wa peasi.

Sisemi kwamba hakuna nyimbo za kuhesabu zenye mafundisho ya dini. Zipo. Wayahudi wanao mmoja wa zamani, Echad Mi Yodea, unaoimbwa mwishoni mwa karamu ya Pasaka yao, unaohesabu kuanzia Mungu mmoja hadi kumi na tatu. Lakini tazama: haufichi chochote. Kila namba inatajwa na maana yake, kwa sauti, mbele ya watoto waliosinzia. Wimbo unaofundisha hufundisha waziwazi.

Basi kama maana haikufichwa ndani ya maneno, tuitafute katika kile wimbo unachofanya. Wimbo wa mtoto una kazi. Kuna wa kumlaza mtoto, kuna wa kumrusha magotini ili acheke, wa kuchagua nani ataanza kwenye kombolela bila kugombana, wa kuruka kamba, wa kupiga makofi wawili wawili, wa kumfanya ale uji. Ukiuondoa kwenye kazi yake na kuuweka mezani kama aya ya Maandiko, utapata maneno ya ajabu ajabu, na hapo ndipo watu wenye nafasi huanza kuona majini.

Fikiria mchezo wetu wa ukuti. Watoto wanashika duara na kujifanya kuti la mnazi kwenye upepo. Mchezo huo unachezwa Njombe, kwenye baridi, na watoto ambao mnazi wameuona kwenye picha tu. Hawajapungukiwa na kitu. Kinachowahusu ni mikono iliyoshikana, mzunguko, na ile sekunde ya mwisho ambapo wote wanalegea pamoja na hakuna anayebaki peke yake amesimama. Mtoto wa miaka minne anajifunza hapo jambo ambalo sisi katika seminari tunalitafutia semina ya siku tatu, yaani kufanya kitu kwa wakati mmoja na wengine bila mmoja kuwa kiongozi. Ukimwuliza maana yake hatakujibu. Atakushika mkono.

(Kwa wale mafrateri wanaopenda kusema kwamba nyimbo za Kizungu za chekechea hazina mguso wa Kikatoliki: Frère Jacques, ule ambao sauti yake karibu kila mtoto wa mjini anaijua, unamhusu bruda wa kitawa aliyepitiwa na usingizi wakati kengele ya sala ya alfajiri inapaswa kulia. Sitamtaja jina mpiga kengele wa nyumba yetu.)

Maandiko Matakatifu yenyewe yanawajua watoto wanaoimba, na hayawaogopi. Nabii Zekaria anapotaka kuonyesha Yerusalemu iliyopona, katika sura ya 8 anaweka wazee na mikongojo yao mabarazani, kisha mitaa iliyojaa wavulana na wasichana wanaocheza. Isaya katika sura ya 66 anamwonyesha mtoto akibebwa na kurushwarushwa magotini, na picha hiyo anaitumia kwa faraja ya Mungu mwenyewe. Kuna pia ile sehemu ngumu ya Isaya 28, ambapo walevi wanamdhihaki nabii kwa silabi fupi fupi zinazorudiwa. Wafafanuzi kadhaa wanasikia humo sauti ya mwalimu akiwakaririsha watoto wadogo. Anayesoma Kiebrania ajaribu kuisoma kwa sauti usiku, chumba cha pili watamsikia.

Zaidi ya yote kuna Mathayo 11 na Luka 7. Bwana wetu anawatazama watu waliomkataa Yohane kwa kuwa alifunga na kumkataa yeye kwa kuwa alikula, naye anakumbuka watoto waliokaa sokoni. Watoto hao wanawalalamikia wenzao: tumewapigia filimbi ya arusi hamkucheza, tumewaimbia wimbo wa msiba hamkulia. Huo ni mchezo. Watoto wa Galilaya walicheza arusi na mazishi kama wetu wanavyojipikilisha, wanavyocheza baba na mama, wanavyomzika ndege aliyekufa na kumwekea msalaba wa vijiti. Yesu alikuwa amesimama sokoni kiasi cha kuyajua maneno yao. Hakuyatafutia siri, wala hakuwaambia waache mambo ya msiba kwa sababu yanaleta mikosi. Alichukua kile ambacho mchezo unahitaji, yaani mwenzako aitikie, akakifanya kuwa swali kwa kizazi kizima. Nguvu ya mfano wote iko katika kazi ya wimbo: ulikuwa wa kuchezwa, na mtu akakataa kucheza.

Naye Mtakatifu Augustino, mwaka 386, bustanini kule Milano. Katika kitabu cha nane cha Maungamo anasimulia alivyokuwa akilia chini ya mtini aliposikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, hakujua kama ni ya mvulana au ya msichana, ikirudia kama wimbo kumwambia achukue asome. Sote tunajua kilichofuata: Waraka kwa Warumi, sura ya 13. Lakini tunapita haraka juu ya jambo la katikati. Kabla ya kuichukua sauti ile kama amri ya Mungu, Augustino alijikagua kwanza: je, watoto wana mchezo wowote wenye maneno kama hayo? Alifikiri kwa makini, hakukumbuka, ndipo akainuka. Swali lake la kwanza lilikuwa la matumizi. Alijua kwamba mtoto anayeimba kwa kawaida anacheza, na kwamba hakuna haja ya kuanza na miujiza wala mashetani. Mtoto mwenyewe, kwa kadiri tunavyosimuliwa, hakujua kamwe kilichotokea upande wa pili wa ukuta.

Kwa kipimo hicho cha matumizi, upo wimbo wa watoto ambao ningependa walezi wote waupige marufuku, na sijawahi kuona video inayouonya. Ni ule wa kumzomea kikojozi. Wengi wetu tumekua nao. Mtoto amekojoa kitandani, asubuhi anatolewa nje na mkeka au godoro lake, watoto wa mtaa wanaitwa, wanapiga makofi na kumwimbia huku wakimzungusha nyumba hadi nyumba. Maneno yake hayana shetani. Hayana siri yoyote, kila mtu anaelewa kila neno. Mtaani kwetu nilimwona mtoto wa kiume wa kama miaka sita akifanyiwa hivyo, kafunikwa kanga ya bibi yake usoni, na waliokuwa wakicheka kwa nguvu zaidi walikuwa watu wazima. Jioni yake watoto walewale walikuwa wanazunguka duara na kuimba nyimbo nyingine, naye kasimama kwenye ukuta. Duara ni lilelile, makofi ni yaleyale. Wimbo mmoja unamwingiza mtoto ndani na mwingine unamtoa nje.

Hivyo ndivyo ningetaka tuzipime nyimbo. Nyimbo za kumcheka mwenye ulemavu, za kumcheka asiye na baba, za kubeza kabila la jirani, hizo zina madhara tunayoyaona kwa macho. Bwana alisema kuhusu jiwe la kusagia na shingo ya anayemkwaza mmoja wa wadogo hawa. Mlezi wa Utoto Mtakatifu anayetaka kufanya kazi ya utambuzi asianze na YouTube. Asimame pembeni ya uwanja dakika kumi na aangalie nani ameachwa nje.

Najua baadhi ya wasomaji watasema: basi tuzibatize. Tuchukue sauti za nyimbo wanazozipenda watoto, tuondoe bata na kuti na samaki, tuweke sakramenti saba. Jambo hilo limefanyika katika parokia nyingi na sina ugomvi na kila wimbo wa namna hiyo. Kukariri kuna mahali pake. Mtoto akishika sala za asubuhi kwa sauti anayoipenda, atakuwa nazo hata akiwa na miaka themanini. Ila tusifanye hivyo kwa kila kitu. Mtoto ana akili. Anapogundua kwamba kila mchezo wa kanisani una somo ndani yake, anaanza kujilinda kama anavyojilinda na dawa iliyofichwa kwenye ndizi. Papa Fransisko katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 288, anakumbusha kwamba watoto wanahitaji ishara, vitendo na masimulizi katika malezi ya imani. Mchezo wa duara tayari ni kitendo. Hauhitaji kubandikwa maneno ya katekisimu ili uwe na thamani mbele ya Mungu, kama vile chakula cha mchana cha watoto hakihitaji.

Na kama kuna anayetaka faida ya kuonyesha kwenye taarifa ya parokia, faida ipo. Mwaka 1989 Peter Bryant, Lynette Bradley na wenzao waliokuwa wakifanya utafiti Oxford walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 64 tangu wakiwa na umri wa miaka mitatu na kitu hadi sita. Waliozijua zaidi nyimbo za kitoto mapema walikuja kufanya vizuri zaidi katika kutambua sauti za maneno na katika kusoma. Kiingereza na Kiswahili si sawa. Sisi tunasoma kwa silabi na wao kwa njia yao yenye mateso. Lakini mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anayefundisha KKK atakuambia kwamba mtoto aliyezoea kukatakata neno kwa makofi, silabi moja kofi moja, hapati shida kubwa na ba, be, bi. Makofi hayo aliyapata barazani kabla ya kufika shule.

Kuna nyimbo ambazo zinapotea wakati sisi tunabishana kuhusu tauni ya London, nazo ni bembelezi za lugha zetu za nyumbani. Mama aliyekulia Bukoba na kuolewa Dar es Salaam anazungumza Kiswahili na mtoto wake, jambo jema. Anarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Dada wa kazi ana miaka kumi na saba, ana simu, na simu ina nyimbo za katuni zisizoisha. Simlaumu dada, mtoto analia na sufuria iko jikoni. Lakini simu haina kifua. Mtoto anayebembelezwa na mtu anasikia sauti kwa sikio lake na kwa mgongo wake pia, na mtu huyo akichoka sauti inapungua, akiwa na huzuni wimbo unabadilika. Video haibadiliki mtoto akilia.

Bembelezi nyingi, ukizisikiliza, si tamu kama tunavyodhani. Zinamwambia mtoto anyamaze kwa sababu mama yuko shambani, baba hajulikani alipo, chakula hakijaiva. Mama anamwimbia mtoto yale ambayo hawezi kumwambia mkwe wake. Tusiogope hilo pia. Kanisa la Magharibi lina bembelezi ya karne ya 16, Coventry Carol, kutoka mchezo wa kuigiza wa mafundi wa mji wa Coventry huko Uingereza, ambayo akina mama wa Betlehemu wanawaimbia watoto wao wachanga huku askari wa Herode wakiwa njiani. Waliikubali ndani ya Noeli. Sisi tunakusanya watoto wa Utoto Mtakatifu Desemba 28, Sikukuu ya Watoto Mashahidi, tunawapa soda na keki, na sina neno juu ya keki. Ila sijawahi kusikia siku hiyo mama mmoja akiombwa kusimama na kuimba wimbo aliombembelezea mtoto wake, au aliokuwa akimwimbia yule aliyemzika.

Likizo inakaribia, na mafrateri watatawanyika kwenda majimboni kwao. Ningeomba kila mmoja achukue daftari la kurasa hamsini, akakae na bibi yake au na bibi wa jirani, na kuandika bembelezi mbili au tatu kwa lugha inayoimbwa, Kihaya, Kisukuma, Kinyakyusa, yoyote. Msiandike maneno peke yake. Andikeni mtoto anashikwaje, mgongoni au magotini, mikono ya mwimbaji inafanya nini, wimbo unaimbwa saa ngapi, na nani aliyemfundisha bibi. Msimwulize maana iliyofichwa. Na bibi akisema hawezi kuukumbuka akiwa amekaa hivi hivi mikono mitupu, nendeni kwa jirani mkamwazimie mtoto.